Mkeka wa Joto wa Mjusi: Hesabu Kwanza, Themostati Baadaye

Baadhi ya wafugaji wa mijusi wa Ulaya na Marekani, ambako majira ya baridi hushusha joto la chumba hadi nyuzi 20 au chini yake, hujitengenezea mikeka ya joto kwa rezista chache, bamba la alumini na adapta ya volti 12. Gumzo lao huishia kwenye themostati: ipi nzuri, iwekwe wapi. Huko ni kuanzia mwishoni. Mkeka wa kuaminika ni ule ambao hata themostati ikigoma usiku kucha, mnyama haungui, na hilo huamuliwa na hesabu ya ukinzani kabla ya kulehemu chochote.

Chukua bamba la sentimita 20 kwa 20. Upande wa chini zinabandikwa rezista 10 za omu 220, kila moja ya wati 5, kwa safu mbili, na miguu yake inalehemiwa kwenye nyaya mbili za shaba bila kugusa alumini. Zikiunganishwa sambamba, ukinzani wa jumla ni omu 22. Zidisha 12 kwa 12, gawa kwa 22: wati 6.5. Uso ulio wazi kwenye hewa tulivu hupoteza takriban wati 10 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi inayozidi joto la chumba. Kwa hiyo bamba hili, likipoteza joto upande wa juu tu, litapanda nyuzi 16 hivi, yaani 36 katika chumba cha nyuzi 20. Mjusi mwenye madoa ya chui, yule wa Pakistani na Afghanistani anayefugwa sana, anataka sakafu ya nyuzi 32 hivi upande wa joto, hivyo 36 imezidi kidogo tu. (Mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, huishi juu ya mikadi na kuota jua, huyo mkeka wa chini haumfai.)

Atakayesema themostati inatosha akumbuke kwamba relei yake, ile swichi ya ndani, huweza kunata ikiwa imewasha, na kitambuzi kikibanduka kikaangukia upande wa baridi, themostati itaendelea kudai moto. Bado ina kazi: chumba kikifika nyuzi 28, hesabu ileile inatoa 44. Fyuzi ya joto nayo iwepo.

Hoja nzito zaidi ni kwamba wati 6.5 hazitoshi chumba kikiwa baridi sana. Kweli, ila dawa ni kuziba kasha la mjusi na kuhakikisha sponji ngumu imeziba chini ya bamba, siyo kuongeza volti. Adapta ya kompyuta mpakato ya volti 19 ikichomekwa hapo, nguvu inaruka hadi wati 16.4 na bamba linakaribia nyuzi 61. Kila rezista itabeba wati 1.6 tu, mbali na kikomo chake cha 5, hivyo hakuna kitakachotoa moshi wala harufu. Anayeungua ni mjusi peke yake. Mchanga uliotandazwa juu ya bamba nao huficha joto: juu panaweza kuwa vuguvugu huku bamba likiwaka chini, na mjusi hufukua.

Mwenye kasha la vipimo vya kawaida anunue mkeka wa dukani. Anayejitengenezea aandike volti na wati kwenye bamba kwa wino usiofutika, kisha aliwashe bila themostati kwa saa kadhaa na kulipima kabla mnyama hajaingia.