Kiraka cha Machi

Shimo lilikuwa mbele ya posta, upande wa kulia ukielekea darajani, upana wa sinia la pilau na kina cha ngumi. Nalijua kwa vipimo hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyeliripoti, na nimeishi jimbo la Maine, Marekani, muda wa kutosha kujua kwamba kupiga simu mwezi wa Machi na kusema "kuna shimo barabarani" ni sawa na kusema kuna maji ziwani.

Mara yangu ya kwanza kuripoti nilisema shimo liko kando ya lundo la theluji. Mama anayepokea simu za barabara alinyamaza kidogo, halafu akaniomba, kwa upole, nimtajie kitu kisichoyeyuka. Siku hizi natoa namba ya nyumba iliyo karibu, upande wa barabara, kina, na kama kuna maji ndani. Hilo la maji ndilo analoandika kwanza.

Watu wengi hudhani baridi kali ndiyo inayokula barabara. Sivyo. Januari, ardhi ikiwa imeganda zaidi ya mita moja kwenda chini, barabara za kaskazini huku huwa ngumu kuliko wakati wowote wa mwaka. Balaa huanza jua likipata nguvu. Mchana theluji ya pembeni inayeyuka, maji yanapenya kwenye nyufa. Usiku yanaganda, ujazo wake ukiongezeka kwa asilimia 9 hivi, na ufa unapanuka upende usipende. Chini ya lami nako udongo laini umekuwa ukivuta maji majira yote ya baridi, kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa, na barafu ikajijenga tabaka juu ya tabaka mpaka barabara ikavimba mgongo. Barafu hiyo huanza kuyeyuka kutoka juu, na maji hayana pa kwenda kwa kuwa chini bado kumeganda. Lami inabaki imekalia uji. Lori la kwanza linapita salama. La kumi linaondoka na kipande. Ndiyo maana majira haya miji ya Maine hubandika matangazo kwenye nguzo, kuzuia malori yanayozidi tani 10 hivi yasipite njia ndogo.

Kuripoti nako kuna uzito wake. Kwa sheria ya jimbo, ukidai mji ukulipe hasara uliyopata kwa ubovu wa njia yake, wahusika lazima wawe wamepata taarifa ya ubovu huo saa 24 kabla ya hasara hiyo. Na kuna kifungu kinachonichekesha kila nikikikumbuka: ikiwa wewe mwenyewe ulilijua shimo, ukanyamaza, kisha ukaja ukatumbukia humo, huna dai. Umbea wa mashimo, huku, unalipa.

Aliyekuja kuziba la kwangu ni kijana wa Uvira, wa kule Ziwa Tanganyika, ambaye majira ya baridi huendesha gari la kusukuma theluji na Machi hushika koleo. Tulisalimiana kwa Kiswahili, mimi cha Tanga, yeye cha Kivu, nikasimama kumtazama, mikono mfukoni, kama wazee wanavyosimama kumtazama fundi wa mashua.

Hakuanza na lami. Alianza na ufagio. Alikomba maji, akatoa vipande vilivyolegea kimoja kimoja, akagonga kingo kwa mpini wa koleo na kusikiliza. Palipolia kama mtungi wenye ufa alipabomoa. Shimo likawa kubwa kuliko alivyolikuta, jambo ambalo mwenye haraka hawezi kulivumilia. "Maji ikibakia, muzee," aliniambia bila kuinua kichwa, "kazi yote ni bure."

Majira hayo viwanda vya lami ya moto vimefungwa. Kinachotumika ni lami ya baridi, kokoto zilizochanganywa na lami iliyolainishwa ili isigande rundoni. Hata hiyo, baridi ikizidi, inashikana kama ubwabwa wa jana, na yeye alichota kutoka katikati ya rundo, mahali palipobaki laini. Alijaza kwa tabaka mbili, kila moja akiishindilia, ya mwisho akaiacha imeinuka nusu sentimita juu ya barabara, maana tairi zitaishusha. Kisha akapanda lori na kuirudia kwa gurudumu la nyuma, mbele na nyuma. Nilihesabu mara sita. Akashuka, akabonyeza ukingo kwa kisigino.

Wapo wanaoiita hii kazi ya kulipua. Mwaka 1991 watafiti wa barabara Marekani na Kanada walianza kutia viraka zaidi ya 1,000 kwa njia mbalimbali na kuvifuatilia. Waliona kwamba njia hii ya kujaza na kukanyagia kwa lori, mchanganyiko ukiwa mzuri, mara nyingi hudumu sawasawa na ile ndefu ya kukata shimo mraba na kushindilia kwa mashine. Utafiti ule uliangalia kudumu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kisigino. Yule kijana ni mtu anayejua kwamba kazi yake inatakiwa iishi wiki nane tu, na bado anaikagua.

Mei viwanda vilipofunguliwa, alirudi na wenzake wawili na msumeno wa lami. Walikata mraba ulionyooka kuzunguka kile kiraka, ili wapake kingo na kumwaga lami ya moto, ile inayofika nyuzi 150 na kutoa moshi wa buluu. Kiraka cha Machi kiling'oka kizima, kama mkate wa sinia. Wenzake walikuwa tayari kukitupa. Yeye alikizuia kwa mguu, akakipindua, akainama kutazama upande wa chini.

Kilikuwa kikavu. Akakirusha ndani ya lori.