Mwandiko wa Kuunga Herufi Katika Shule Zetu

Mabishano juu ya mwandiko wa kuunga herufi yametufikia kutoka ng'ambo, nayo yamekuja pamoja na hoja za huko. Finland iliacha kuulazimisha mashuleni mwaka 2016. Marekani nako, kanuni za mafundisho zilizotolewa mwaka 2010 na kukubaliwa na majimbo mengi hazikuutaja, kisha jimbo la California likaurudisha kwa sheria ya mwaka 2023. Wenzetu hao hushindana kwa kuwa watoto wao wana mashine za kuandikia. Huku Chato, kando ya Ziwa Nyanza, shida yetu ni nyingine. Mtoto wetu huandika kwa kalamu, na mtihani wa kidato cha nne huufanya kwa mkono wake. Kinachotubana sisi ni wakati na wingi wa watoto. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza chini ya Rais John Magufuli, mzaliwa wa papa hapa Chato aliyepata kuwa mwalimu, watoto wameongezeka sana madarasani, wala mwalimu hawezi kuuongoza mkono wa kila mmoja. Basi ni haki kuuliza kama saa ya mwandiko itumike kwa kuunga herufi, au kwa jambo lenye faida zaidi.

Yatupasa kwanza kuzipima hoja za wanaoutetea, maana si zote zenye uzito. Wengi hutaja uchunguzi wa wataalamu. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walitangaza kwamba wanafunzi walioandika maelezo ya somo kwa mkono walijibu maswali ya kufahamu maana vizuri kuliko waliotumia kompyuta. Waliolirudia jaribio hilo baadaye hawakuona tofauti kubwa hivyo. Lakini hata tukilikubali lote, lililinganisha kalamu na mashine. Halikulinganisha herufi zilizoungwa na herufi za kuachana. Mwenye kulitumia kuutetea mwandiko wa kuunga ni kama asifuye mtumbwi wake kwa kuwa mitumbwi yote huelea.

Wengine husema kwamba mwandiko huo ni mwepesi. Huenda ikawa hivyo, lakini wepesi una faida iwapo msomaji aweza kusoma. Kiswahili kimejaa m, n, u na i. Neno kama nimeumia, likiandikwa mbiombio na kuungwa, huwa safu ya vijiti vya kupanda na kushuka, wala hujui m imeishia wapi. Tena yuko ng'ombe, ambaye hakuna mtoto wa Kisukuma asiyemjua. Mwenye kuunga herufi hupita moja kwa moja, akisema moyoni kwamba atarudi kuweka alama ya ng', kisha husahau. Naye asahauye alama hiyo amegeuza maana, kwa kuwa ng'oa ni kutoa kitu kilichosimikwa, na ngoa ni wivu au tamaa. Hayo ni makosa ya kweli, na mtetezi asiyeyataja hajautetea mwandiko wake.

Hata hivyo twaona sababu mbili za kuufundisha, nazo zatoka katika lugha na desturi zetu wenyewe.

Ya kwanza ni umoja wa neno. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingine za Kibantu, neno moja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo. Nitakupa ni neno moja. Kadhalika nakutogilwe ya Wasukuma, yaani nakupenda. Lakini kila mwalimu amepata kuona katika madaftari nita kupa na ana soma, na upande wa pili kwahiyo na kwasababu, yaliyogandamana yasipopaswa. Mtoto aandikaye herufi za kuachana huinua kalamu baada ya karibu kila herufi, basi mkono wake haumwambii neno limekwisha wapi. Aungaye hufundishwa kuinua kalamu neno likiisha, kisha kurudi kuweka nukta na alama. Hapo somo la mwandiko huwa pia somo la sarufi, ikiwa mwalimu atalifundisha kwa nia hiyo.

Ya pili ni kusoma yaliyokwisha kuandikwa. Lugha hii imepata kupotewa na mwandiko mmoja. Watu wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa asili yake huungwa, ila sita zisizoshikana na herufi ifuatayo. Kwa herufi hizo uliandikwa Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, na barua alizozitoa C. G. Büttner katika kitabu chake cha mwaka 1892. Shule zilipofundisha herufi za Kirumi peke yake, wajukuu wengi wa waandishi hao wakawa hawawezi kusoma barua za babu zao. J. W. T. Allen alipotoa mwaka 1970 orodha ya hati za namna hiyo zilizomo katika maktaba ya Dar es Salaam, zilikuwa zimekuwa kazi ya wataalamu. Na sisi tunavyo vitabu vya ubatizo na vya ndoa, vilivyoandikwa na mapadre na makatekista kwa mwandiko wa kuunga, na majumbani zimo barua za wazee na hati za mashamba. Asiyeweza kusoma jina la bibi yake katika kitabu kama hicho hana budi kumwamini mwingine amsomee.

Basi shauri letu ni kutenga mambo mawili ambayo wabishanao huyachanganya. Kusoma mwandiko wa kuunga kufundishwe kwa watoto wote. Mistari michache ubaoni kila juma yatosha, hata darasa likiwa limejaa. Kuuandika kufuate baadaye, herufi za kuachana zikiisha kukaa imara, kwa maneno machache yaliyochaguliwa ili kuonyesha mwanzo na mwisho wa neno. Mtoto wa mkono wa kushoto asisumbuliwe, wala asipunguziwe alama mtoto yeyote aliyeandika kwa herufi za kuachana zilizo wazi. Anayetaka zaidi ya hayo, yaani maua na mikia ya herufi, ayafundishe baada ya saa za shule.