Ruwa katika Jina la Mwana

Jina la kiume Ruwa'ichi wengi wamelisikia kwa sababu ya Askofu Mkuu Yuda Thadei Ruwa'ichi, aliyezaliwa mwaka 1954 huko Kilema, jirani ya Kirua Vunjo. Msomaji huambiwa upesi kwamba Ruwa ni Mungu. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu, kwa maana neno hilo hilo ni jua. Wageni wengine wakakata shauri kwamba Wachaga waliabudu jua, hukumu ya haraka mno.

Hadithi iliyohifadhiwa na mmisionari Bruno Gutmann yafaa kusomwa hapa. Mtu aliyefiwa na wanawe alikusudia kumpiga Ruwa mshale. Akashika njia mpaka mahali jua lichomozapo, akasikia kishindo cha watu wengi, nao wang'aa. Ruwa akamwonyesha wanawe. Lakini walikuwa wametukuka hata baba akaona haya kuwadai, akamwachia. Baadaye akajaliwa wana wengine.

Ikiwa Ruwa ni jua tu, mfiwa huyu anateta na nani? Tena ikiwa ni Mungu tu, mbona amfuate mawioni? Hadithi haisimami pasipo maana zote mbili, wala jina la mtoto halisimami. Mfasiri aandikaye "Mungu" peke yake (na Wakristo wa mlimani wenyewe hawakuliacha neno Ruwa katika sala zao) amelifutia jina asubuhi yake. Ni heri aliache kama lilivyo, alieleze pembeni.