Mataji ya Alonso: tusihesabu tu, tupime

Bandugu, kila tukizungumza juu ya mutu aliyesomea kitu fulani kisha akaenda kufanya kazi nyingine, hakukosi mmoja wa kututolea mfano wa Fernando Alonso. Banasema: angalia yule Mhispania, bingwa wa dunia wa Formula 1 mara mbili, 2005 na 2006, alitoka mule akashinda kwingine pia. Basi mwenye kipaji anashinda popote. Mimi nampenda Alonso, lakini hesabu hiyo naikataa.

Chukua Le Mans, mbio ya saa 24 kule Ufaransa. Aliishinda 2018 na 2019, akiwa na Toyota. Sawa. Ila Audi ilikuwa imeondoka mwisho wa 2016, Porsche mwisho wa 2017. Katika daraja la juu kilibaki kiwanda kimoja kikubwa, chenye magari mawili, kikishindana na timu za binafsi. Mpinzani wa kweli alikuwa ndugu wa nyumba moja. Na mwaka wa 2019 huyo ndugu njo alikuwa mbele mpaka saa ya mwisho! Gari lake likapata pancha, sensa ikadanganya, mafundi wakabadilisha pine lisilo lenyewe. Alonso akapita. Siwezi kuupa ushindi huo uzito sawa na wa 2018, pale alipolifukuza gari lile usiku kucha mpaka pengo kubwa likawa dogo.

Sasa Indianapolis. Mwaka wa 2017 gari lake la McLaren lilikuwa linamuaibisha kila wiki katika Formula 1, shida kubwa ikiwa motere ya Honda. Akaacha mbio ya Monaco, akaenda Marekani. Alipokelewa katika karakana ya Andretti, watu wanaoijua kazi ile. Hakuwa amewahi kukimbia kwenye kiwanja cha aina ile, lakini alianza nafasi ya 5, akaongoza mizunguko 27. Imebaki 21 hivi, motere ikafa. Honda tena, jamani.

Alirudi 2019, safari hii na timu ya McLaren yenyewe. Usukani haukuwa tayari kwa wakati. Gari lilipakwa rangi ya machungwa isiyo ile waliyotaka, likarudishwa kupakwa upya. Mwishowe Kyle Kaiser, kijana wa timu ndogo ya Juncos, akamtoa nje: hakupata hata nafasi ya kuanza mbio. Shofere ni yule yule. Sisi wa agronomie tunaijua hii: mbegu ni ileile, shamba halikulimwa. Kwa hiyo ukiambiwa "Alonso alibadilisha, badilisha na wewe", uliza kwanza: alifikia kwa nani? Nani alimuandalia?

Daytona 2019 naihesabu bila kusita, kwa sababu ya namna alivyoendesha katika ile mvua.

Dakar ya 2020, jangwani Saudia, haipo katika orodha za wanaomsifu. Hakushinda hata hatua moja. Gari lilipinduka naye kwenye mchanga, kioo cha mbele kikavunjika, akaendelea. Alimaliza wa 13. Mimi hiyo naiweka juu ya Le Mans ya 2019.