Chakula cha Njiani katika Maisha ya Hamed bin Muhammed

Kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, chajulikana kwa wengi wapendao lugha. Mwenyewe alikiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Naye Heinrich Brode akakitoa kwa herufi za Kilatini huko Berlin katika miaka ya 1902 na 1903, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley ilifuata katika miaka ya 1958 na 1959. Kiswahili chake kimesifiwa sana, nasi hatuipingi sifa hiyo: ni lugha ya mtu asimuliaye barazani, fupi, isiyopambwa. Neno letu ni juu ya jambo moja tu, nalo ni chakula cha njiani.

Mtungaji ni mfanya biashara. Pembe huzitaja kwa frasila, na mali aliyokopa kwa matajiri huitaja pia. Lakini chakula huonekana kwa nadra, na mara nyingi ni pale kinapokosekana: twasoma njaa, hatusomi posho. Wala si jambo dogo la kuachwa. Mzigo wa mpagazi ulikuwa yapata frasila mbili, yaani ratili 70. Posho yake ya desturi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu ratili moja na nusu. Basi penye nyika isiyo na watu, kama Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyamwezi, mtu aliyejiwekea chakula cha siku 8 aliongeza ratili 12 juu ya zile 70, mbali na kibuyu cha maji na mkeka wake. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua urefu wa mwendo na mahali pa kulala, na pengine vita pia. Kwa maana watu mia kadhaa walioishiwa na posho hufika kijijini kama wavamizi, hata kama walikusudia kununua.

(Mwalimu awapaye wanafunzi kitabu hiki na awaeleze neno lenyewe. Posho imekuwa ugali huko Uganda, na hapa petu imekuwa fedha za kikao. Mtoto wa leo aweza kudhani wapagazi walilipwa kwa kukaa.)

Mahali pamoja kitabu chasimama juu ya chakula chenyewe, na kwa shauri letu hapo ni pazuri kuliko kurasa nyingi za vita. Wapagazi wenye njaa walikula muhogo mchungu pasipo kuutengeneza, wakaugua, na wengine wakafa. Wenyeji wa nchi za muhogo huo huuloweka majini siku kadhaa, wakauanika, wakautwanga, sumu ikapungua. Basi hao hawakufa kwa kukosa chakula. Chakula walikuwa nacho mkononi. Walichokosa ni maarifa ya wanawake wa kijiji walichopita.

Nao wanawake hao hatuwasikii. Habari yote yatoka kinywani mwa tajiri wa msafara, ahesabuye watu wake waliopungua. Ni nani aliyelima muhogo ule, ni nani aliyetwanga unga wa safari, tena alipewa nguo au shanga ngapi, au hakupewa kitu: hayo twayachungulia tu kati ya mistari.