Chonga Hushindwa Chini, Si Kileleni

Mnazi wa uani ukifungua kuti lenye mikato ya pembetatu, sawasawa pande zote mbili kana kwamba limepitiwa na mkasi, mwenye nyumba humwita mkwezi apande na waya wenye ndoana. Mkwezi huutia waya tunduni, huuzungusha, na akimnasa humtoa mdudu mweusi mwenye pembe, wa sentimita nne hivi. Ndiye chonga, kwa jina la kitaalamu Oryctes monoceros. Kazi hiyo ni muhimu, hasa kwa mnazi mchanga, maana tundu likifikia kichipukizi cha moyoni mti hufa. Hata hivyo, kwangu hiyo ni sehemu ndogo ya kazi.

Chonga hafuati majani. Usiku hutua kwenye vitako vya makuti machanga, akatoboa kuelekea moyoni, akatafuna nyuzi, akafyonza maji yake na kuyasukuma makapi nje. Njiani hukutana na kuti ambalo bado limekunjwa, akalipenya. Likikunjuka, tundu lile moja huonekana pande zote mbili, na ndiyo sababu mikato hulingana. Sasa fikiria muda. Mnazi uliokomaa hutoa kuti jipya takriban kila mwezi, kwa hiyo mkato unaouona leo ni jeraha la wiki nyingi nyuma, na aliyelitia huenda ameshahama. Ishara ya kuaminika ni makapi mabichi, yenye majimaji, mdomoni mwa tundu. Yakiwepo, mkwezi apande upesi.

Lakini chonga huyo hakuzaliwa kileleni. Jike hutaga kwenye gogo linalooza, kisiki, rundo la samadi au mnazi uliokufa ukabaki umesimama. Buu lake, jeupe, nene, lililojikunja, hula uozo huo kwa miezi kabla ya kuwa mdudu wa kuruka. Kila mnazi mfu unaoachwa wima ni kitalu, na katika pwani ya Tanzania bara, ambako ugonjwa umeua minazi mingi, vitalu hivyo havikosekani.

Samoa ndiko somo hili lilikofanyiwa kazi vizuri zaidi. Mwaka 1909 ndugu wa chonga wetu, Oryctes rhinoceros, aliingia huko pamoja na miche ya mpira kutoka Sri Lanka, akaitesa minazi kwa miongo kadhaa. Mwaka 1963 mtaalamu Mjerumani, Alois Huger, aligundua nchini Malaysia virusi vinavyomwua, na mwaka 1967 vikapelekwa Samoa. Wataalamu hawakuhangaika na vilele. Waliandaa marundo ya mbao zinazooza, wakatia virusi ndani yake, wakawaacha wadudu waje wenyewe kutaga. Mdudu mzima aliyeambukizwa hafi papo hapo. Huendelea kuruka, kupandana na kunya virusi kila anapotua, hivyo huufikisha ugonjwa kwenye vitalu ambavyo hakuna binadamu angevipata. Uharibifu ulipungua sana. Naustahi ufundi huu kwa sababu ulijengwa juu ya kumjua mdudu: kinachomrudisha chini ni uzazi, na hapo ndipo aliposubiriwa. Miaka ya 1980 virusi hivyo vilijaribiwa pia Shelisheli na Tanzania dhidi ya chonga wetu.

Mwenye mnazi mmoja au mitano hahitaji virusi. Mnazi uliokufa aukate, aupasue vipande vikauke, kisha auchome. Rundo la samadi na mboji alifukue mara kwa mara, na kuku waachwe walichakure, kwani mabuu ni chakula wanachokigombania. Visiki visivyong'oleka avifunike kwa mimea ya kunde inayotambaa, maana jike hupata shida kukifikia kisiki kilichozongwa na majani. Na atazame ng'ambo ya ua pia: chonga huruka, na gogo la jirani linatosha kuwarudisha wote.