Mtoto Aliyefundisha Sataranji

Filamu ya Queen of Katwe imeoneshwa katika ukumbi wa usharika wetu mara tatu, kila mara kwa ombi la vijana, na mara zote tumetoka tukizungumza juu ya Phiona. Ndivyo filamu yenyewe inavyotaka. Phiona Mutesi ni binti wa Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Alikuwa akiuza mahindi barabarani, hata siku moja akamfuata ndugu yake mahali ambapo Robert Katende, mtumishi katika huduma ya Kikristo ya michezo, aliwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Mira Nair aliiongoza filamu hiyo, Lupita Nyong'o akaigiza mama wa Phiona, na mwaka 2016 ikatoka. Safari hii tunawaomba wasomaji wamwache Phiona kidogo, wamtazame mtoto aliyeketi mbele yake.

Phiona anapofika mara ya kwanza, watoto wanamcheka kwa sababu ananuka. Anakwenda, anaoga, anarudi. Anapewa mwalimu, na mwalimu huyo ni Gloria, mtoto mdogo kuliko yeye. Gloria hana muda wa kumbembeleza mtu. Anamwonyesha kete moja baada ya nyingine, kama dada anayemwelekeza mwenzake kazi za jikoni. Kisha anafika kwenye kete ndogo ya mstari wa mbele, ile isiyoogopwa na mtu. Anaeleza kwamba ikivuka ubao wote hadi upande wa pili, inaweza kuwa malkia. Katika mchezo huu mdogo anaweza kuwa mkubwa, na ndiyo maana yeye anaupenda.

Aliyeigiza Gloria ni Nikita Pearl Waligwa, mtoto wa Uganda. Tumeyarudia maneno hayo mengi katika mahubiri ya vijana bila hata kujua jina la aliyeyatamka. Na tukisema kweli, yangeweza kuharibika kwa urahisi sana. Mwigizaji mzima angeyatia uzito, angetazama mbali, muziki ungepanda. Nikita anayasema kama kanuni ya mchezo, basi, kisha anaendelea na somo. Hahubiri. Kwa maoni yetu hapo ndipo filamu nzima inaposimama, kwa kuwa mtazamaji anaachiwa aelewe mwenyewe. Wahubiri wengi tungejifunza kwake.

Mwaka huohuo ambao filamu ilitoka, Nikita aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Mira Nair alisaidia kuhamasisha watu wachange fedha ili apelekwe India kutibiwa. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba amepona. Akarudi masomoni, akawa mwanafunzi wa Gayaza, shule ya wasichana iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1905. Mwaka 2019 uvimbe mwingine ukaonekana. Februari 2020 akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 15.

Hatusimulii haya ili kuwatoa watu machozi. Tunayasimulia kwa sababu yanatushtaki. Kama tungeandika habari za Nikita mwaka 2017 na kuishia hapo, tungekuwa na ushuhuda kamili wa kusimamishwa mbele ya washarika: ugonjwa, michango, safari, uponyaji, vigelegele. Tungejua hata wimbo wa kuimba baada yake. Lakini kwa habari ya mwaka 2020 ratiba yetu ya ibada haina nafasi, isipokuwa siku ya mazishi.

Tunajua tunachosema. Katika usharika wetu alikuwako binti tuliyemwombea kwa kufunga. Alipopata nafuu tulimpandisha madhabahuni, tukapiga makofi hadi mikono ikauma. Ugonjwa uliporudi, tulipunguza sauti. Alipofariki, jina lake halikutajwa tena katika ushuhuda wowote, kana kwamba ile nafuu ya kwanza nayo haikuwahi kutokea. Mama yake anaendelea kuketi mahali pake palepale, upande wa dirishani. Hakuna aliyemkosea adabu. Tulinyamaza tu, na huenda yeye aliuelewa ukimya wetu kuliko tulivyouelewa sisi.

Filamu nayo ina udhaifu huohuo, ingawa ni filamu njema. Mafuriko, ajali ya ndugu yake, kushindwa kwake Urusi, kila jeraha linapata fidia yake kabla ya saa mbili hazijaisha, na mwishoni mama anapata nyumba. Tunashangilia. Lakini yeyote aliyewahi kucheza sataranji anajua kwamba kila upande una kete ndogo nane, na kwamba nyingi huondolewa ubaoni kabla ya kufika ng'ambo. Kanuni aliyoifundisha Gloria ni ya kweli, ila yasema *inaweza*. Sisi makanisani tumelisikia neno hilo kama *lazima*.

Kuna ndugu atakayetaka kutufariji kwa kusema kwamba kete nyingine huanguka ili moja ifike. Tunamsihi asiende huko. Mtoto si kete, wala Mungu hakumtoa Nikita ili kukamilisha hadithi ya mtu mwingine. Afadhali tusome Waebrania 11 mpaka mwisho. Mwandishi anawataja walioshinda falme na wanawake waliopokea wafu wao wakiwa hai, kisha, karibu bila kuvuta pumzi, anawataja waliopigwa mawe na waliokatwa kwa msumeno. Anawaweka wote katika orodha moja ya imani. Hawapi kundi la pili kiti cha nyuma.

Mara ya tatu tulipoonyesha filamu tulimwomba anayeendesha mashine asiizime mapema, maana kwa kawaida taa huwashwa mara tu mama anapopata nyumba na watu huanza kukusanya viti. Majina yanapoanza kupita, kila mwigizaji anatokea akiwa pamoja na mtu halisi aliyemwigiza. Nikita naye anatokea, pamoja na Gloria wa kweli. Msichana mmoja wa kipaimara akauliza yule mdogo anaitwa nani, na sasa yuko wapi. Tulimjibu yote mawili. Akaomba turudishe nyuma hadi pale anapofundisha, tukarudisha.